Jani Moja, Maji Mawili: Historia ya Kupima Shubiri kwenye Kidonda

Jani la shubiri likikatwa hutoa vitu viwili. Kwanza hutiririka utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi, kutoka kwenye mishipa iliyo chini kidogo ya ganda. Ganda likimenywa, ndani huonekana ute unaopitisha mwanga, unaoteleza kama bamia, usio na ladha ya maana. Utomvu una kemikali za jamii ya anthrakwinoni, hasa aloini. Ute ni maji kwa takriban asilimia 99, na katika hicho kidogo kinachobaki zimo sukari zilizoungana minyororo mirefu, mojawapo ikiitwa asemanani. Utomvu huharisha, ute hupakwa kwenye ngozi iliyoungua. Kwa karne nyingi watu walivitia vitu hivi viwili katika kapu moja, na muda mrefu ulipita kabla hayajaulizwa maswali yaliyoonekana madogo: ni kipi kati yake kinachoponya, na kinaponya kikilinganishwa na nini?

Jenasi ya Aloe ina aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa za Afrika, Madagaska na Bara Arabu. Kiswahili kilipata neno shubiri kutoka Kiarabu, katika mzizi ule ule uliozaa subira, na wasemaji wake hawakumhitaji mfamasia kuwaeleza sifa ya kwanza ya mmea huo: kitu kikizidi uchungu husemwa ni kichungu kama shubiri. Uchungu huo ulipewa kazi nyumbani. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka utomvu kwenye chuchu, naye mtoto akionja mara moja hairudii haraka. Wafugaji wa kuku hukatakata jani na kulitia katika maji ya kunywa wakihofia kideri. Wamasai, ambao kwao mmea huo ni osuguroi, hutia mizizi yake katika pombe ya asali ili ichachuke. Na jani lililopasuliwa hubandikwa juu ya jipu, au mahali palipobabuka kwa uji wa moto. Ujuzi huo ulipokezwa kwa mkono na mdomo, bila kipimo wala hesabu ya siku, na mara nyingi bila kutenga maji ya manjano na maji meupe.

Maandishi ya zamani nayo hayakutenga. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1 BK, aliieleza shubiri kama dawa ya kuharisha, kisha akasema kwamba unga wake mkavu ukinyunyizwa kwenye jeraha hulifunga, na kwenye kidonda hukileta kovuni. Wauzaji wa vipodozi wa leo humtaja Dioscorides kwa furaha kama shahidi wa miaka 2,000. Lakini unga mkavu aliousema yeye ni utomvu ulioganda, si ute ulio ndani ya chupa zao. Ushahidi huo wa kale, hata ukikubaliwa wote, ni wa kitu kingine. Hadithi za Cleopatra kujipaka shubiri ni nyepesi zaidi ya hapo, na hapa hazihitaji nafasi.

Biashara ndiyo iliyoupa utomvu ukuu juu ya ute. Ute huoza upesi. Utomvu ukikaushwa huwa donge gumu la kahawia linaloweza kuvuka bahari na kukaa miaka. Donge lililosifiwa kupita yote lilitoka Sokotra, kisiwa kilicho mbele ya Pembe ya Afrika. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10 aliyefika hadi pwani ya Afrika Mashariki, alisimulia kwamba Aristotle ndiye aliyemshauri Alexander awapeleke Wagiriki kukaa Sokotra kwa ajili ya shubiri. Kama ushauri huo ulitolewa kweli au la, kisa chenyewe kinaonyesha bidhaa hiyo ilivyothaminiwa. Wavunaji wa kisiwani walichimba shimo, wakalitandika ngozi ya mbuzi, wakayapanga majani yaliyokatwa kulizunguka huku vikonyo vikielekea ndani, na utomvu ukachuruzika wenyewe. Mmea wa Sokotra ulipata jina lake la kisayansi, Aloe perryi, mwaka 1881, baada ya Isaac Bayley Balfour, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, kufanya safari kisiwani mwaka 1880.

Kati ya kisiwa na duka la dawa la London palikuwa na Zanzibar na Bombay. Shehena za Sokotra, za Bara Arabu na za pwani ya Afrika zilikutana katika bandari hizo, zikachanganywa, zikapakiwa tena. Ndiyo maana vitabu vya dawa vya karne ya 19 vina aina iitwayo shubiri ya Zanzibar, iliyofika Ulaya imefungwa katika ngozi za wanyama, ingawa jina hilo lilitaja mahali ilikopakiwa kuliko mahali ilikoota. Afrika Kusini ilileta donge lake la Aloe ferox, na Barbados na Curaçao zikaleta la Aloe vera iliyopandikizwa huko. Mnunuzi hakuwa na njia ya uhakika ya kujua anachonunua mpaka mwaka 1851, T. na H. Smith wa Edinburgh walipotenga aloini kutoka shubiri ya Barbados. Tangu hapo utomvu uliweza kupimwa kwa kemia. Ute, uliokuwa ukitupwa pamoja na maganda, haukupimwa na mtu.

Mwaka 1895 Wajerumani wawili walifanya mambo ambayo hayakuhusiana, lakini yote mawili yalikuja kuigusa shubiri. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Na Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Breslau, alieleza namna ya kupima ngozi ya mgonjwa anayeshukiwa kudhurika kwa dawa: kiasi kidogo cha dawa hubandikwa chini ya plasta, huachwa muda, kisha plasta hubanduliwa na ngozi hutazamwa. Kipimo cha Jadassohn kiliweka msingi wa elimu ya mzio wa ngozi, na kinatumika hadi leo. Eksirei kwa upande wake zilileta aina mpya ya kidonda. Madaktari wa miongo ya kwanza walizitumia kutibu upele na hata kuondoa nywele zisizotakiwa, bila kujua kiasi kinachodhuru. Ngozi ilibabuka, ikachimbika, ikakaa wazi kwa miezi au miaka, na mafuta ya kawaida hayakuifunga.

Hapo ndipo ute ulipoingia hospitalini. Mwaka 1935 C. E. Collins na Creston Collins walichapisha Marekani taarifa ya mwanamke ambaye ngozi yake iliharibiwa na eksirei. Walimpaka jani bichi zima la Aloe vera. Mwasho ulitulia ndani ya siku moja, na baada ya miezi kadhaa ngozi ilikuwa imerudi. Taarifa ilikuwa fupi, ya mgonjwa mmoja, bila mlinganisho wowote. Kwa vipimo vya leo ni kisa tu, hakifiki kuwa jaribio. Hata hivyo ilitosha kuwafanya madaktari wengine wajaribu, na ilitosha pia kuanzisha biashara.

Rowe na wenzake walilipeleka swali kwa panya weupe, na wakatoa taarifa zao mwaka 1940 na 1941. Kadiri majaribio yalivyoongezeka lilijitokeza jambo ambalo lingesumbua watafiti kwa nusu karne: jani bichi na dawa iliyotengenezwa kwa jani hilo havikutenda sawa. Ute uliokaa hubadilika rangi na harufu, na nguvu yake haitabiriki. Mtafiti mmoja akipata matokeo mazuri na mwingine akakosa, haikujulikana kama walikuwa wamepima kitu kimoja.

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi katika kipindi hicho lilitokana na hofu ya bomu la atomiki. Lushbaugh, mtaalamu wa patholojia wa Los Alamos, pamoja na Hale, waliwaunguza sungura kwa mionzi ya beta, na mwaka 1953 wakachapisha walichokiona chini ya hadubini. Ubora wa kazi hiyo ulikuwa katika mpango wake. Sehemu zilizotibiwa na zisizotibiwa zilikuwa kwenye ngozi ya mnyama yule yule, kwa hiyo tofauti ya umri, chakula au afya haikuweza kusingiziwa. Vidonda vilivyotibiwa kwa shubiri vilifunga kwa takriban miezi miwili. Visivyotibiwa vilichukua takriban minne.

Wakati huohuo, upimaji wa usalama wa ngozi ulikuwa umepata sheria na sura. Mwaka 1933 rangi ya kope iliyouzwa Marekani iliwapofusha wanawake kadhaa, na mmoja akafa. Maafa hayo yalichangia sheria ya mwaka 1938 iliyoviweka vipodozi chini ya uangalizi wa serikali. John Draize, mtaalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1944 njia iliyobeba jina lake. Sungura hunyolewa mgongoni, kitu kinachopimwa hufungwa juu ya ngozi nzima na juu ya ngozi iliyokwaruzwa kwa saa 24, kisha wekundu na uvimbe hupewa alama kuanzia 0 hadi 4. Mwaka 1969 Bertil Magnusson na Albert Kligman waliongeza njia ya kutafuta mzio kwa simbilisi: mnyama huzoeshwa kitu hicho, hupumzishwa, kisha hupewa tena ili ionekane kama mwili wake umekikumbuka kwa ubaya. Mzio haujitokezi mara ya kwanza, na ndiyo sababu mganga anayempaka mgonjwa mara moja na kuona ngozi shwari hajathibitisha usalama.

Njia hizo zina doa. Kligman ndiye yule yule aliyewajaribia kemikali wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kwa zaidi ya miaka 20, hadi majaribio yalipokomeshwa mwaka 1974. Alama za wekundu nazo zina kasoro inayowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Zilitungwa kwa ngozi nyeupe ya sungura na ya Mzungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Anayesoma kipimo inambidi aguse kama pana joto na uvimbe, aulize mwasho, na atazame ngozi inavyozidi weusi siku za baadaye. Asipofanya hivyo ataandika sifuri mahali pasipo na sifuri.

Kwa upande wa kidonda, maabara nyingi za mimea duniani, za Afrika Mashariki zikiwemo, zilichukua mtindo wa panya. Morton na Malone waliueleza mwaka 1972 kwa namna iliyoigwa kwa wingi. Panya hupewa dawa ya usingizi, hunyolewa, kipande cha ngozi chenye ukubwa uliopimwa huondolewa mgongoni, na ukubwa wa kidonda huchorwa siku baada ya siku. Katika mtindo mwingine ngozi hukatwa na kushonwa, kisha hupimwa nguvu inayohitajika kuupasua mshono tena. Wengine hupima haidroksiprolini, ambayo kiasi chake huonyesha wingi wa kolajeni, zile nyuzinyuzi zinazojenga kovu. Kundi moja hupakwa mmea, la pili hupakwa mafuta matupu yaliyobeba mmea huo, la tatu dawa inayojulikana. Kundi la pili ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye maana kuliko yote, kwa kuwa bila hilo haijulikani kama kilichoponya ni mmea au ni mafuta.

Panya naye si mtu. Chini ya ngozi yake upo msuli mwembamba unaoivuta, hivyo kidonda chake hufunga zaidi kwa kingo kusogeleana. Binadamu hana msuli huo mgongoni wala miguuni; kidonda chake hujaa nyama kutoka chini na ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni. Nguruwe anamkaribia zaidi. Ni kwa nguruwe wachanga ambapo George Winter wa London alionyesha mwaka 1962 kwamba kidonda kilichofunikwa kwa karatasi laini ya plastiki, kikabaki na unyevu, huota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kile kilichoachwa kikauke na kushika gaga. Ugunduzi huo ulipindua desturi ya kuanika vidonda. Kwa shubiri ulileta shaka kubwa. Kitu chochote chenye unyevu, kisafi na kisichochoma kingeweza kusaidia. Ute ambao asilimia 99 yake ni maji ulipaswa kulinganishwa na ute mwingine wa maji, siyo na kidonda kikavu.

Majibu kutoka kwa binadamu yalianza kupatikana kwa wingi katika miaka ya 1990, na hayakukubaliana. Mwaka 1990 Fulton alikwangua nyuso za wagonjwa wenye makovu ya chunusi, akafunga upande mmoja wa uso kwa bendeji ya kawaida na wa pili kwa bendeji hiyo iliyotiwa shubiri. Upande wa shubiri ulipona takriban saa 72 mapema. Mwaka uliofuata Schmidt na Greenspoon walichapisha habari za wanawake 21 ambao majeraha yao ya upasuaji wa tumbo yalifumuka. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53, waliopakwa jeli ya shubiri siku 83. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa dawa ya asili isiyo na sumu inayochelewesha jambo lile lile linalodaiwa kuharakishwa nayo. Mwaka 1995, nchini Thailand, Visuthikosol na wenzake waliwapima wagonjwa 27 walioungua moto kiasi. Ute wa shubiri ulifunga vidonda kwa takriban siku 12, shashi yenye Vaselini kwa takriban siku 18.

Tofauti hizo hazishangazi zikitazamwa kwa makini. Mbabuko wa moto usio na kina ni kidonda cha juu. Jeraha la tumbo lililofumuka ni shimo. Ute bichi ni kitu kimoja na jeli ya kiwandani ni kitu kingine. Swali la mwaka 1935 lenyewe, la ngozi iliyodhuriwa na mionzi, lilijibiwa mwaka 1996, Williams na wenzake walipowagawa wanawake 194 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa mionzi: wengine walipewa jeli ya shubiri, wengine jeli inayofanana nayo isiyo na shubiri, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa ipi. Ngozi ziliathirika sawasawa. Miaka 61 baada ya kisa kilichoanzisha yote, jaribio la kwanza kubwa lenye mlinganisho wa haki halikuona faida ya kuikinga ngozi.

Waliokuja kukusanya majaribio wakayajumlisha nao hawakupata neno moja. Mapitio ya mwaka 2007 kuhusu majeraha ya moto, yenye majaribio manne na wagonjwa 371, yalikadiria kwamba shubiri hupunguza siku za kupona kwa karibu tisa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 kuhusu vidonda vipya na vya muda mrefu yalipata majaribio 7 yenye watu 347, na yakahitimisha kwamba ushahidi bora wa kuunga mkono matumizi hayo haupo. Kwa lugha ya mtaani, shubiri imefaulu kwenye kubabuka kidogo na haijafaulu kwenye donda.

Usalama wake kwa ngozi ni mzuri kwa jumla, lakini kwa sharti lile la maji mawili. Mzio wa ute hutokea mara chache; utomvu ndio unaowasha. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa dawa za kuharisha za shubiri zilizouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta data za usalama zilizotakiwa. Mwaka 2007 jopo la nchi hiyo linalochunguza viambato vya vipodozi lilitaka anthrakwinoni zisizidi sehemu 50 katika milioni kwenye bidhaa za kupaka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya panya wasio na manyoya waliopakwa krimu za shubiri na kuwekwa kwenye mwanga unaofanana na wa jua: uvimbe wa ngozi uliongezeka kidogo. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini ni kosa kudhani kwamba kitu cha asili kinachopakwa mchana wa jua kali hakina la kuulizwa. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, na kazi ya sungura wa Draize ikapokewa kwa sehemu kubwa na ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara kutokana na seli.

Afrika Mashariki ilikuwa na historia yake. Tanzania ilianzisha Muhimbili kitengo cha kuchunguza tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi mwaka 1991, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Nchini Kenya mahitaji ya viwanda vya nje yalikuwa yamekimbia mbele ya utafiti. Wagemaji wa utomvu katika Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana waliuza kwa madalali Aloe secundiflora na Aloe turkanensis za porini, mpaka Rais Moi alipopiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986. Biashara iliruhusiwa tena kwa masharti chini ya kanuni za mwaka 2007. Kimataifa, aina zote za shubiri zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, isipokuwa moja, Aloe vera, ambayo hulimwa kwa wingi na ambayo asili yake ni Bara Arabu.

Aina hiyo moja ndiyo iliyobeba karibu majaribio yote ya kidonda yaliyotajwa hapo juu. Matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa jirani zake kwa sababu ya kufanana majani. Aloe ballyi, inayoota Kenya na kaskazini mwa Tanzania na kunuka kama panya, na Aloe ruspoliana ya Kenya, Somalia na Ethiopia, zina sumu za jamii ile ile iliyomo katika mmea uliomuua Socrates. Kwa Kiswahili, hizo nazo huitwa shubiri mwitu.